Sakafu ya Saruji na Fungu la Nyasi Nyuma ya Jiko

Mpendwa Mama Immakulata,

Pokea salamu zangu kutoka Muleba. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ingawa gazeti hunifikia likiwa limekwisha kupita mikononi mwa watu wengi, na leo nimeshika kalamu kuomba msaada wako kwa sababu sina mwingine wa kumweleza, maana wawili ambao ningewaeleza ndio hao hao niliowadanganya.

Naitwa Kemilembe, jina la kijiji naomba usilitaje, ni kijiji cha ujamaa kilichoanzishwa huku kwenye mbuga ambako zamani walikuwa wakichungia ng'ombe tu, migomba yetu bado ni midogo na upepo unatupiga, lakini tunaishi vizuri na wenzetu na sina malalamiko. Nina mimba yangu ya kwanza na imeingia mwezi wa nane. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, baba yangu ni mvuvi kule kisiwani Goziba ambako hufiki ila kwa boti, kwa hiyo upande wangu hakuna mwanamke wa kuja kunihudumia nikijifungua, na ndiyo maana tangu niolewe nimemshika mama mkwe wangu kama mama aliyenizaa, naye amenishika, anakaa Izimbya, ni mjane, na mume wangu Mutalemwa ndiye kitinda mimba wake.

Sasa Mama, huyu Mutalemwa ni mwenyekiti wa kikundi cha kusikiliza masomo ya afya kwenye redio, na hiyo kazi ameishika kwa moyo wake wote, kikundi chake kilichimba vyoo vingi kuliko vikundi vyote vya jirani wakapewa zawadi ya mifuko ya saruji, na wenzake kwa wema wao wakasema saruji hiyo iende kwenye nyumba ya mwenyekiti kwa kuwa anatarajia mtoto, nyumba iwe ya mfano, basi wakaja wote wakachanganya na kumwaga na kulainisha, na siku ilipokauka mume wangu alivua viatu akatembea juu yake kutoka sebuleni mpaka chumbani na kurudi huku akiniambia, "Kemilembe, gusa uone, mwanangu hatajua kiroboto wala funza." Nikagusa nikasema ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli, lakini ilikuwa ya baridi.

Wewe ni wa kwetu unajua jinsi nyumba zetu zinavyotandikwa nyasi, na jinsi mzazi anavyotandikiwa nyasi mpya kabla mtoto hajaja. Mama mkwe alikuja siku ya pili ya Pasaka kuiona nyumba, wanakikundi wakiwa wamejaa sebuleni na redio yao, akasimama mlangoni akatazama chini, akauliza, "Nyasi ziko wapi?" Mume wangu akamjibu mbele ya watu wote kwamba nyasi ni makao ya viroboto na hapa sisi tumeendelea. Mama mkwe akamtazama, akasema, "Mutalemwa, mwana wange, wewe ulizaliwa juu ya nyasi. Viroboto walikumaliza?" Watu wakacheka, mume wangu hakucheka. Mama akasema tena, "Mjukuu wangu hatapokewa juu ya jiwe. Mkitandika mtaniita." Akaweka kikapu chake cha ndizi kizingitini akageuka akaenda zake, hata maji hakunywa, nikamfuata njiani nikilia lakini hakurudi.

Tangu siku hiyo hawasemeshani, na mimi ndipo nilipoharibu, kwa sababu mume wangu aliponiuliza jioni niko upande gani nilimwambia niko upande wake, nyasi sizitaki kabisa, halafu wiki iliyofuata nikamtumia mama salamu kwa mtu aliyekuwa anakwenda Izimbya nikamwambia mwanao amelegea, nyasi zimetandikwa, njoo. Naye amekubali, atakuja mwanzoni mwa mwezi ujao, kila mmoja anaamini niko naye, na mume wangu amekwisha kusema mbele ya kikundi kwamba unyasi hata mmoja ukiingia ndani ya nyumba ile atautoa yeye mwenyewe.

Na kuna jambo jingine ambalo naona aibu kuliandika. Miguu yangu imevimba na saruji ya asubuhi inaniuma mpaka mifupani, na nikiwa peke yangu namkumbuka mama yangu, basi nilikata nyasi nikazikausha nikazificha nyuma ya jiko, na kila siku Mutalemwa akienda shamba la kijiji nazitandika kando ya kitanda nakaa juu yake nikishona vitambaa vya mtoto, na kabla hajarudi naziokota zote nafagia nazirudisha. Wiki iliyopita nilikwenda kliniki mvua kubwa ikanyesha nikiwa huko, njia nzima nikawa nawaza fungu langu limeloa, lakini nilipofika nikakuta limefunikwa gunia na mawe yamewekwa kwenye pembe zote nne. Nilidhani ni jirani yangu Alistidia, nikamwuliza, akacheka akasema yeye hana gunia la kufunikia nyasi, nikaliacha jambo hilo.

Mama, ninaogopa. Siogopi uchungu, naogopa kubaki peke yangu na mtoto mchanga katika nyumba nzuri, mama mkwe akifika akikuta saruji atageuka tena aende zake, na safari hii hatarudi maana atajua hata mimi nilimdanganya. Nifanye nini kabla hajafika?

Ni mimi mwanao,
Kemilembe, Muleba

JIBU

Kemilembe mwanangu,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, nikaisoma mara ya pili nikavua miwani nikaifuta. Sasa nimeivaa tena, na kwanza nitakugombeza ili hilo tulimalize.

Umekosa. Mume umemwambia ndiyo, mama mkwe umemwambia ndiyo, na mimi umeniandikia ukweli ambao ulikuwa ni wao. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika mbili huku una tumbo la miezi minane. Wazee walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Kwenu nyasi ziko salama chini ya gunia, anayeumia ni wewe. Lakini najua kwa nini ulifanya hivyo. Ulipoteza mama mmoja, ukaogopa kupoteza wa pili, na mume unampenda, ndiyo maana ulishindwa kumwambia kwamba sakafu yake ina baridi. Nimekusamehe, na wao watakusamehe, ila ujisemee mwenyewe kabla mama hajafunga mzigo.

Mumeo naye nina neno lake. Kuhusu viroboto ana haki, mimi sina udugu na viroboto. Nimekulia Kashozi kwenye nyumba ya nyasi, na nyasi zikikaa mpaka ziote ukungu utajikuna mpaka ukose adabu. Lakini kumfundisha mama mzazi mlangoni, mbele ya watu na redio, hilo hakulisikia kwenye somo lolote. Mama kama yule alipaswa kumkaribisha akae kwanza. Na mama mkwe wako naye ana ukali, sikatai. Ila nilitazama kile kikapu. Mtu aliyekasirika kweli huondoka na ndizi zake. Yeye alikuachia. Huyo mama anataka kurudi, anatafuta tu mlango wa kupitia.

Sasa sikiliza namna ya kuufungua. Sebule iachwe saruji tupu, ing'ae, wanakikundi waje waisifu mpaka wachoke. Nyasi zitandikwe chumbani tu, upande wa kitanda utakaolalia na mtoto. Zikatwe changa, zianikwe juani mpaka zilie zikishikwa, chini yake utangulize mkeka ili ubaridi wa saruji usipande. Kila Jumamosi zitolewe zote, chumba kifagiwe na kupigwa deki, zitandikwe mpya, na zile za zamani zipelekwe kwenye migomba yenu midogo ambayo inazihitaji kuliko mtu yeyote. Kiroboto hapati nafasi ya kuweka makazi kwa mwendo huo, na mwenyekiti anaweza kulisema hilo mbele ya kikundi chake bila kuona haya. Atakayekata nyasi ni yeye. Wewe na tumbo hilo usionekane tena na mundu. Na usimamizi wa kuzibadilisha mkabidhi mama mkwe, utaona atakavyokuwa mkali kuhusu Jumamosi kuliko redio yenyewe.

Maana mambo mengine yote, mwanangu, hujayagusa, na siku zinakwenda. Umeshona vitambaa, vizuri. Vichemshe, uvianike juani, uvikunje ndani ya kitambaa kingine safi, usiviweke karibu na moshi wa jikoni. Tafuta makarai mawili, moja la kumwogeshea mtoto na moja la kufulia, na yasikutane kamwe. Wembe mpya na uzi safi vikae mahali unapojua hata gizani, ingawa nataka ujifungulie zahanati, siyo nyumbani. Mwambie Mutalemwa apange leo na wenzake watu wa kubeba machela, watu wazima wasiolewa, kwa sababu uchungu hautangoja pombe ya rubisi iwatoke kichwani. Waliweza kuchanganya saruji kwa ajili ya mtoto huyo, watashindwa kumbeba mama yake?

Kuni zikatwe na zipangwe chini ya paa sasa. Maharage, unga wa ulezi wa uji, mafuta ya taa na chumvi viwemo ndani kabla, maana nyumba yenye mtoto mchanga hula kuliko yenye wageni wa harusi. Na wageni watakuja. Anayekohoa asimame mlangoni amtazame mtoto kutoka huko, awe padri au mwenyekiti wa kata. Mume aanze kuteka maji mwenyewe kuanzia wiki hii, azoeshe mabega na azoeshe macho ya majirani. Watamcheka siku mbili, siku ya tatu wake zao watawauliza kwa nini wao hawateki.

Mama mkwe akifika alale chumbani nawe, mumeo ahamie sebuleni kwenye saruji yake anayoipenda. Mwache akukande kwa maji ya moto, akupikie supu ya samaki, amwimbie mtoto nyimbo zote za Izimbya. Jambo moja tu umwambie kwa heshima na usilegee: kitovu cha mtoto kisipakwe kitu, si majivu, si samli, si dawa ya mtu yeyote. Mwambie kwa lugha ya kwetu, "Mawe, mama yangu, nyasi nimekubali, kitovu unikubalie mimi." Atakubali. Anayepewa naye hutoa.

Na asije kwa miguu yake akidhani yametengenezwa. Mutalemwa apande baiskeli aende Izimbya amchukue, na kabla hajamweleza habari ya nyasi, amwombe radhi kwa yale ya mlangoni. Wewe umpe ujumbe wako wa kweli ampelekee: kwamba zile salamu zilikuwa za uongo na kwamba ulizituma kwa sababu ulimtaka.

Utaniuliza, Mutalemwa atakubali vipi, wakati ameapa mbele ya watu? Haya, turudi kwenye gunia.

Wewe umeliacha jambo hilo, mimi limenikalia kifuani tangu niisome barua. Upepo hauna gunia, na mbuzi hapangi mawe kwenye pembe nne. Alistidia amekana, na mwanamke aliyefanya wema kwa jirani yake hachelewi kuutaja. Siku ile wewe ulikuwa kliniki. Mvua kubwa kama ile huwarudisha watu nyumbani kutoka shambani. Nani alirudi akapita nyuma ya jiko, akaona fungu la nyasi lililofichwa, akajua ni la nani na la kazi gani? Alikuwa ameapa atazitoa. Alikuwa peke yake, angeweza kuzitupa au kuziacha ziloe na asiulizwe na mtu. Akaenda akatafuta gunia.

Mumeo anajua, Kemilembe. Anajua na anaona aibu kusema, kama wewe. Mnafichana fungu moja.

Mficha uchi hazai, na wewe umekaribia kuzaa. Leo akienda shamba, toa nyasi zako, tandika, kaa, shona. Saa ya kuziokota ikifika, usiziokote. Utamsikia akivua viatu mlangoni kama kawaida yake. Moyo utakupiga, uache upige. Akiingia usinyanyuke na usianze kujieleza. Sogea kidogo tu, umwachie nafasi naye akae.

Mama Immakulata,
Bukoba