Ufa wa Jengo la Matao

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limekupunguzia maumivu, na mdogo wangu anakuletea chai kabla hujaiulizia. Sisi huku hatujambo, tena tuna furaha tele. Mkweo anakusalimu, na wajukuu kila siku wanauliza babu anakuja lini.

Baba, lile Jengo la Matao pale katikati ya mji, lenye roshani za mbao na duka la Bibi Vifungo chini, nusura libomolewe. Ufa ulianzia juu ya tao la tatu ukashuka hadi mlangoni, mpana wa kuingiza vidole. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tunakaribia kukosa vyote viwili. Mhandisi wa manispaa alikuja, akatazama, akachora alama nyekundu ukutani. Bibi Vifungo akavuta kiti chake chini ya tao, akasema wakibomoa wabomoe na yeye, maana hilo jengo limemlea.

Nikamwomba mhandisi anipe muda. Akanitazama kuanzia kandambili hadi kilemba, akaniuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nikamjibu, "Ndiye huyu unayeongea naye." Akacheka, wala si kwa ubaya, akanipa miezi mitatu. Alisema ukuta ukishazibwa atabandika kipande cha kioo juu ya ufa. Kioo kikivunjika, ina maana ukuta bado unatembea, na hatutakuwa na la kuzungumza.

Nikapanda jukwaani na mafundi wenzangu wawili. Tulibandua saruji yote iliyofunika mawe. Ndani kulikuwa na maji, Baba! Ukuta umefungiwa jasho lake kama mtu aliyevalishwa koti la mvua juani. Tukauacha ukauke, tukaziba ufa kwa vipande vya mawe na chokaa, ile ya kulowekwa shimoni wiki nyingi kama ulivyonifundisha. Kisha kioo kikabandikwa, na mvua zikaja kama zimetumwa. Kila asubuhi Bibi Vifungo alipanda ngazi akakifuta kile kioo kama miwani yake mwenyewe. Hatukuthubutu kumkataza.

Jumatatu mhandisi alirudi. Kioo kizima! Alichukua brashi akaifuta alama nyekundu kwa mkono wake. Bibi Vifungo alipiga vigelegele hadi mteja akadondosha sindano. Na si hilo tu: majengo mengine kumi na moja ya mtaa ule hayataguswa kabla sijayapima mimi. Mimi, Baba!

Sasa kalamu inakuwa nzito. Mwaka ule ulipolazwa, ukaniachia jengo hilo nilimalizie, nilikuja wodini nikakuambia nimepiga lipu ya chokaa. Ukanishika mkono, ukawaambia wagonjwa wote kwamba umezaa fundi. Nilikudanganya. Chokaa ilitaka wiki tano shimoni, nami nilitaka kukuletea habari njema kabla hujapasuliwa. Nilipaka saruji. Ule ufa ni kazi ya mkono wangu.

Jumatatu hiyohiyo niliwaambia wote wawili. Mhandisi alisema sasa ameelewa kwa nini nilijua pa kuanzia. Bibi Vifungo alinikazia macho, akasema kumbe mimi ndiye niliyempa baridi ya miguu miaka yote hii; halafu akacheka mpaka akajifuta machozi, akanikumbatia na chokaa yangu mwilini.

Umebaki wewe. Wiki ijayo tunaanza jengo la pili, na mhandisi anaomba uje uwaonyeshe mafundi jinsi ya kuandaa chokaa. Njoo, Baba. Na ukitaka kunigombeza, nigombeze palepale jukwaani, mbele ya wenzangu, ili na wao wafaidike.

Mbusu mdogo wangu, na wape majirani salamu zangu, hata yule wa kuku.

Ni mimi bintiyo mkubwa,
fundi wa chokaa, safari hii kweli.