Mke Mwenzangu, Siku ya Kutoka Eda

Jumatano, kisiwani Juani. Mvua imekatika tangu asubuhi, uani bado kuna tope, na mimi nanukia udi kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi.

Leo tumetoka eda. Nasema tumetoka kwa kuwa tulikuwa wawili: mimi na Bi Mwanahawa, mke mkubwa wa marehemu mume wetu.

Chumba changu cha Kilindoni kilikuwa cha kupanga, na mwenye nyumba alikitaka mara tu baada ya msiba. Wazee wakaamua nikae eda huku Juani kwa mke mwenzangu, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba yake. Nilikuja nimenuna. Kwa miaka sita tulikuwa tukikutana harusini na misibani tu. Namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba huku anaangalia pembeni.

Wiki ya kwanza tulipika kwenye meko mawili, vyungu viwili, kila mtu na samaki wake. Kisha kuni zikalowa, zikabaki za moto mmoja tu. Tukapika pamoja kwa kukosa njia.

Sasa niungame jambo ambalo wakwe hawatalipenda. Siku moja nilimwambia mke mwenzangu kwamba marehemu alikuwa akiisifu pilau yangu, akisema ya mkubwa haiivi. Bi Mwanahawa akaweka mwiko chini.

"Ala! Mbona mimi aliniambia yako ina mawe?"

Tulicheka mpaka jirani akaja kutukemea: wajane gani hawa, kaburi halijakauka! Tukainamisha vichwa kwa adabu. Alipotoka tukacheka tena. Baadaye tukamlilia marehemu, wote wawili, na nadhani siku hiyo nilimlilia kweli kuliko siku ya mazishi.

Mume wangu nilimpenda, sikatai. Mama yangu nampenda kwa namna nyingine, ile ambayo hata tukigombana haipungui. Hili la Bi Mwanahawa sijui nilipe jina gani. Hakuna posa iliyopita kati yetu, hakuna damu. Miaka sita alinionea wivu, nami nikamwonea. Leo kichwa kikiniuma yeye anajua kabla sijasema.

Nampenda.

Kesho kaka yangu anakuja na boti kunirudisha Kilindoni, nikakae kwake. Nguo nimeshafunga. Wahenga walisema mazoea yana taabu, nami taabu yenyewe leo naiona. Kaka atasema ndugu ni wa damu. Watu watasema nimekosa pa kwenda. Pa kwenda ninapo, ila sitaki kwenda.

Mchana nilimuuliza Bi Mwanahawa anaonaje. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka, hakuinua kichwa.

"Mimi sikwambii kaa, sikwambii nenda, mwenzangu. Vyumba ndivyo hivi viwili, na mimi ni mmoja."

Halafu akakosea msuko, akafumua, akaanza upya, akakosea tena. Miezi yote hii sijawahi kumwona akikosea.

Kazi yangu ni ushonaji, na cherehani nimeihifadhi kwa kaka. Nimemtumia ujumbe sasa hivi: Kaka, kesho njoo, ila si kunichukua. Niletee cherehani.