Mikono ya Shangazi Salanieta

Jumamosi, 3 Juni

Tumeshinda mechi ya raga, 17–12. Mimi nimetolewa nje nikishikiliwa huku na huku. Zilibaki dakika kumi. Nilikuwa nimeshampita beki wao wa mwisho — nilivyodhani — kisha goti lake likanigonga katikati ya paja la kushoto. Si kuvunjika. Hakuna hata tone la damu. Lakini mguu uligoma papo hapo.

Kelera, anayetupa huduma ya kwanza, alinifunga barafu kwa bendeji, akanishika kidevu nimtazame. Akasema msuli umepondeka mpaka ndani na damu imejaa huko. Siku za mwanzo ni barafu tu, niinue mguu, na mtu yeyote asiukande. Yeyote, akarudia. Anatujua sisi.

Mchujo wa timu ya taifa ya Fiji ni tarehe nane Julai, mjini Suva. Kocha anasema wiki tano zinatosha kabisa. Jina langu liko juu kwenye orodha ya mawinga. Mimi!

Jumapili, 4 Juni

Sikwenda kanisani. Nimelala mkekani, mguu juu ya mito miwili. Paja limevimba, rangi ya zambarau, na lina moto. Binamu yangu Unaisi kaniletea majimbi na samaki wa tui, akalitazama. "Ungekuwa na akili ungekuwa sokoni na mimi tunauza bilinganyi. Sasa una paja moja la mtu na moja la nguruwe." Nimecheka mpaka nikaumia.

Kisha akaingia mama yake, Shangazi Salanieta, bado na gauni la kanisani, chupa ya mafuta ya nazi kwapani. Hakuuliza kitu. Akakaa, akakunja mikono ya gauni. Watu huvuka mto kuja kukandwa na mama huyu. Kipaji kile kakirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake. Na mimi, mama yangu alipofariki nina miaka sita, ni yeye aliyenilea. Mtu kama huyo humwambii asikushike. Nilisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba Kelera amesema barafu kwanza.

"Kelera amesoma kitabu," akasema. "Mimi nimekusoma wewe."

Akaanza.

Jumatatu, 5 Juni

Siku ya pili. Nimeuma kitambaa. Anasukuma kwa vidole gumba kutoka juu ya goti kwenda nyongani. Anasema damu mbaya lazima itawanywe kabla haijalala. Yeye anatoka jasho kuliko mimi. Desturi ni siku nne na hakuna kukatisha.

Jumatano, 7 Juni

Siku ya nne imekwisha. Baba kachinja kuku, Unaisi kachemsha mihogo, tumekula pamoja kufunga dawa. Baba amemshukuru Shangazi — yaani amemwambia Unaisi amwambie. Kaka na dada waliokwisha kuwa watu wazima hawasemezani ana kwa ana huku kwetu, ni heshima. Wameketi ncha mbili za mkeka mmoja, shukrani zinapita kwa Unaisi, naye anazifikisha huku mdomo umejaa kuku.

Paja halijapungua. Limekuwa gumu. Nimesema naona nafuu, wote wakafurahi.

Jumatano, 14 Juni

Goti halikunjiki. Kazini, kwenye banda la kupakia mapapai, nimesimamia mguu mmoja kutwa nzima. Jioni nimejaribu kukimbia nyuma ya shule nikiwa peke yangu. Hatua saba. Nimelia kidogo. Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 24 Juni

Nimewabebea wenzangu maji. Nafasi yangu inachezwa na msichana wa ng'ambo ya mto. Ana mbio, hana macho. Nimemchukia kipindi kizima cha kwanza, kisha kafunga mara mbili nikampigia makofi kama wengine.

Ndani ya paja kuna kitu. Nikibonyeza nakisikia. Kirefu, kigumu, hakisogei.

Jumatano, 28 Juni

Hospitali, mjini. Fizio, mtaalamu wa misuli na viungo, ni dada mmoja wa Kihindi, Roshni, mpole sana. Aligusa paja mara moja tu akauliza nani ameukanda mguu huu. Nikatazama vidole vya miguu yangu. Siku zile za mwanzo, akauliza, ukiwa bado na moto? Siku nne, nikasema, bila kumtaja mtu.

Akanipeleka eksirei, kisha akaniwekea picha kwenye taa. Mfupa wangu wa paja huu hapa. Na pembeni yake, ndani ya nyama, mfupa mwingine. Mwembamba, umefifia, lakini ni mfupa. Anasema damu ikisumbuliwa humo ndani mwili unaweza kuchanganyikiwa, ukaanza kujenga mfupa mahali pa msuli. Wakati mwingine hutokea hata bila kukandwa, akasema, lakini kukandwa vile, siku nne mfululizo… Kupona ni miezi sita, labda zaidi. Na sasa ndio unakua, kwa hiyo mtu asiuguse kabisa. Ukisumbuliwa tena, goti linaweza lisikunjike vizuri maisha yangu yote.

"Unanielewa, mdogo wangu?"

Nimemwelewa. Nikauliza kuhusu tarehe nane. Akanishika bega, akaniacha nijijibu mwenyewe.

Nyumbani nimesema wameniambia nipumzike. Basi.

Ijumaa, 30 Juni

Kocha amefuta jina langu. Alikuja mwenyewe, hakutuma ujumbe, hilo nampa. Anasema mwakani. Mwakani nitakuwa na ishirini na tisa, na wanaochukuliwa wana kumi na tisa. Tulikunywa chai ya majani ya mlimao. Alipoondoka nikaosha vikombe mara mbili.

Jumapili, 2 Julai

Shangazi alinitazama nikipanda ngazi za kanisa, mguu mmoja ukimsubiri mwenzake. Baada ya ibada kamtuma Unaisi kwa Baba. Ujumbe: mikono yake haijawahi kushindwa na paja. Dawa ya siku nne ikikataa, basi kuna jambo mtu amelificha ndani ya familia, na mpaka lisemwe mguu hautapona. Jumamosi tukae, kila mmoja aseme lake, tusameheane. Baba kakubali.

Unaisi kaninong'oneza, "Mimi nitasema ni mimi niliyekula keki ya Krismasi. Wewe una nini?"

Nikasema sina kitu.

Ninacho. Kiko kwenye ile picha ya hospitali. Nikisema, Shangazi, na miaka yake sitini na saba, ataiweka wapi ile mikono? Nani atavuka mto tena? Na hakunilazimisha. Kelera alinionya waziwazi, nami nikalala nikanyoosha mguu. Lakini hasira ninayo. Naandika hapa kwa kuwa sina pengine pa kuisema. Amenichukulia mguu wangu. Amenipenda akanichukulia mguu, na nikimwona akija njiani bado moyo unanifurahi kama wa mtoto. Sijui niyaweke wapi haya mawili.

Alhamisi, 6 Julai

Roshni amepiga simu kuuliza hali. Nimemwambia hakuna aliyenigusa. Akasema vizuri sana, endelea hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Julai. Alasiri.

Huko Suva saa hizi wanakimbia. Nimejikaza nisiwaze, nimewaza tangu alfajiri.

Tumekaa, sisi wanne tu. Baba kaweka katikati bakuli la yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, tukanywa mzunguko mmoja, kisha akaanza yeye. Akasema alipofiwa na mke wake alitaka kunipeleka kwa wajomba wanilee huko huko, na hakuwahi kumwambia mtu. Sikujua. Unaisi akasema la keki, akacheka peke yake, halafu akalia kwa jambo jingine ambalo ni lake, siliandiki.

Kisha Shangazi. Aligeuka ubavu asimtazame Baba, akausemesha mkeka.

"Siku zote nne nilizokukanda nilikuwa naomba. Naomba upone, utembee, ubebe watoto wako. Lakini usirudi kwenye ule uwanja. Nimechoka kukuona unabebwa. Mungu kanisikia nusu. Mguu nimekufunga mimi, mwanangu. Si mwingine."

Akalia kwa sauti, uso kaufunika kwa mikono. Na Baba — sijawahi kusikia hili maisha yangu yote — akamwambia yeye mwenyewe, moja kwa moja, "Salanieta, inatosha. Inatosha, dada." Unaisi akanitazama. Hakuna aliyejua aangalie wapi.

Ikawa zamu yangu.

Nilikuwa nayo mdomoni. Dada Roshni, picha, mfupa, yote. Nikamwona Shangazi anavyonitazama kati ya vidole. Ameshajihukumu kwa ombi. Nikimwongezea kwamba ni mikono? Nikasema nimekuwa nikitoroka mazoezi ya kwaya kwenda kukimbia mtoni, mwaka mzima, huku nikiaga kwamba nakwenda kuimba. Ni kweli, nilifanya hivyo. Baba akapiga makofi yale ya kufunga shauri, viganja vimekunjwa, mara tatu, mazito. Tumesamehewa sote.

Shangazi akapangusa uso kwa ncha ya gauni. Uso wenyewe ukamfunguka, sijauona hivyo tangu Juni. "Ndilo lililokuwa limebaki," akasema. "Sasa njia nyeupe. Tunaanza upya, leo, siku nne. Na safari hii nitaomba vizuri. Nitaomba ukimbie."

Baba kaitikia. Unaisi katoka nje.

Nimeomba ruhusa nije chumbani kujifunga sulu, nguo ya kiunoni, ili paja lifikike. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati. Yuko jikoni anapasha mafuta, harufu imefika huku. Anaimba kidogo kidogo. Siku nne. Roshni alisema maisha yangu yote. Naweza kwenda pale sasa hivi nikamwambia, ni maneno matano, sita. Naweza kusema nimechoka, tuanze kesho, na kesho niseme tena hivyo hivyo. Mlango wa nyuma uko wazi. Bado naweza —

Ananiita. "Torika, mwanangu, njoo, yasipoe."

Nimeitika. Nimesema naja.