Asituletee Pampu ya Kimya

Buyenzi, Bujumbura

Dada yangu mpenzi Mwanaidi,

Salaam alaikum. Hujambo wewe, hajambo shemeji, na watoto je? Mguu wa mama umepona, au bado anaukokota na kuwaambia hauumi? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Huku neno hilo limepungua maana. Siku hizi mtu akikwambia ni mzima anataka kusema hajachinjwa. Basi mimi sijachinjwa, na mume wangu Ramadhani hajachinjwa, ingawa wamemuumiza, na hilo nitakueleza.

Barua hii nimempa mkononi mama mmoja muuza vitenge anayevuka kwenda Kigoma. Isome ukiwa peke yako. Ukishamaliza, washia jiko.

Niseme kwanza jambo lililonifanya nishike kalamu, nisije nikalisahau kwa hasira. Ile pampu niliyomwomba shemeji atununulie Dar es Salaam, ile ya kimya, asiinunue. Kama ameshainunua airudishe, hata kwa ugomvi. Sababu yake ni ndefu kidogo, nivumilie.

Unalikumbuka tangi letu la kioo. Mzungu aliyekimbia vita vilipoanza alimwachia Ramadhani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimtengenezea mitambo yake. Wewe ulicheka, ukaniandikia kwamba nimeolewa mbali na bahari, na bahari imenifuata ndani ya gunia. Ndivyo hasa. Chumvi ya bahari ilikuja kwa magunia, unaikoroga kwenye maji ya bomba, na humo matumbawe yanaishi. Matumbawe, dada! Yale tuliyokuwa tukiyakanyaga Pangani tukitafuta pweza, huku nilikuwa nayalisha kwa kijiko. Tulikuwa na kitatange mmoja mwenye maringo, na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mtaa ulisema kwamba mwanamke asiye na mtoto atapenda hata samaki. Uliniuma, lakini sikuweza kuukatalia, niliwapenda kweli.

Mimi na Ramadhani tulikuwa tukigombana juu ya kitu kimoja tu: tuongeze nini kwanza. Yeye ni fundi friji, na fundi akishika lake hasikii la mtu. Alianza na taa, eti matumbawe yanataka mwanga. Nikamwambia, umeme ukikatika taa yako itamulika nini? Kwanza betri ya lori. Akasema kwanza kipoza maji, maana joto la hapa linayapika maji, akakitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya friji mbovu. Nikasema betri. Akasema bomba la kutolea povu la uchafu. Nikasema betri. Mwishowe mama yake, ambaye tunaishi naye, akatoka chumbani na kutukata kauli wote wawili. Kwanza pampu, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inamtoa roho.

Na kosa la kelele lilikuwa la Ramadhani. Alitaka kuiondoa sebuleni, akaihamishia stoo, nyuma ya ukuta, akaifunga kwa boliti juu ya pipa tupu la mafuta. Fundi mzima, pipa tupu! Kelele ikawa ngoma. Mama mkwe akawa haisikii hata adhana. "Ramadhani, hii kitu itaniua mbele ya vita kuniua," akawa anasema kila asubuhi. Siku moja mama mmoja wa Kikongo aliyehamia karibuni alibisha hodi na beseni la mahindi kichwani. "Mi nilifikiri iko mashine ya bunga," akaniambia, yaani ya kusaga unga, tukacheka mpaka tukashikana mabega. Kuanzia hapo nyumba yetu ikaitwa kwa Mashine. Ndipo nikashindwa, nikakuandikia umwombe shemeji atafute pampu ya kimya.

Sasa nikwambie yaliyotokea baada ya barua ile.

Jirani yangu Konsolata, tunayepakana naye kwa ukuta wa uani, ndiye aliyenifundisha Kirundi tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Mumewe alikuwa karani wa ghala, mtu mpole, akipita dirishani kwetu lazima awasalimie samaki. Vijana waliweka kizuizi cha mawe na magurudumu yanayowaka mwisho wa barabara, wakawa wanauliza watu vitambulisho, na asiyekuwa nacho wanamtazama pua. Walimkamata mume huyo asubuhi akitoka kununua mkate. Wakamkata mapanga palepale mbele ya kibanda cha mkate, kwa kabila lake tu, hawakuwa na neno lingine naye. Alilala mtaroni mpaka jua la adhuhuri, na hakuna aliyethubutu kumfunika. Nilimwona, dada. Nilirusha kanga yangu kutoka kizingitini ikamwangukia miguuni tu, nikarudi ndani.

Wakati huohuo wakaichoma nyumba yake. Konsolata aliruka ukuta wetu wa uani na mtoto wake mgongoni, msichana bado ananyonya, nywele za mama zimeungua upande mmoja. Hatukushauriana. Mama mkwe, yule anayelalamika hata maji yakiwa baridi, ndiye aliyefungua mlango wa chuma wa stoo na kumsukuma ndani. Tukampangia magunia ya chumvi yaliyobaki akae juu yake, kando ya lile pipa.

Taabu ilikuwa mtoto. Moshi ulikuwa umemwingia, akawa anakohoa, kikohozi kikavu cha kitoto ambacho huwezi kusema ni cha mtu mzima. Sisi hatuna mtoto, na Buyenzi nzima inajua, maana imenisema miaka yote. Kikohozi kile kikisikika kwangu, kila mtu anajua ni cha nani.

Basi ile pampu tuliyoilaani ndiyo ikamficha. Inanguruma mchana na usiku, na chini ya ngurumo hiyo mtoto akohoe apendavyo. Ramadhani alikuwa anaisikiliza, halafu ananitazama.

Vijana wa kizuizi walikuja siku ambayo mji mzima uliamriwa kufungwa, hakuna gari, hakuna duka, asubuhi jua limeshapanda. Wengi wao sikuwajua, wana marungu na nondo, wanatoa harufu ya pombe. Mwenye bunduki nilimjua. Friji ya mama wa kijana huyo ilitengenezwa na Ramadhani kwa mkono wake, na kijana alikuja kuichukua akaondoka akishukuru. Siku hiyo alijifanya hatujui.

"Mwanamuke wa kule nyuma yuko wapi?" akauliza.

"Mi siko na mutu," Ramadhani akasema. "Iko mi, bibi yangu na mama."

"Hii kelele ni ya nini? Zimisha."

"Apana, mukubwa. Nikizimisha, samaki zitakufa."

Kijana akacheka kicheko kibaya. "Watu wanakufa huko inje, na we unaogopea samaki?"

Alisogea kwenye tangi, akainama. Wallahi kwa muda kidogo uso wake ulikuwa wa mtoto, anamfuata kitatange kwa macho. Nikafikiri labda yatapita. Halafu akageuza bunduki akakipiga kioo kwa kitako chake, akarudia, kikapasuka. Bahari yangu yote ikamwagika sebuleni. Maji yalinigonga magotini, yakaenda mpaka kwenye mkeka wa mama mkwe, yakapita chini ya mlango wa stoo. Samaki wakawa wanarukaruka kwenye sementi. Kijana akamkanyaga kitatange kwa buti, taratibu, akinitazama mimi.

Dada, nilitaka kumwua. Nakuandikia hivi nikiwa na akili zangu: kama ningekuwa na kisu mkononi ningemchoma shingoni, na nisingejuta. Hasira hiyo haijatoka mpaka leo.

Maji yalipokwisha tangini, pampu ikaanza kuvuta hewa. Ilipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mashine. Fundi yeyote anajua kwamba pampu ikikimbia bila maji inaungua, na Ramadhani ana kichaa cha jambo hilo, amewahi kumzaba kofi mwanafunzi wake kwa kosa hilo. Nikaona mkono wake unakwenda wenyewe kwenye swichi ya ukutani. Kisha akaurudisha. Akasimama, akaiacha pampu yake iungue.

"Mule ndani iko nini?" mwenye bunduki akapiga kelele, maana bila kelele hasikiki.

"Iko mashine. Lakini musishike mulango!" Ramadhani naye akapaza sauti. "Iko kuran ndani ya maji! Maji ya chumvi inabeba kuran, itakuua!"

Kuran ndio umeme kwa maneno ya huku, na mwenyewe hakujua kama anadanganya au anasema kweli. Waya wa pampu ulikuwa unapita chini ya mlango ule, umechubuka kwa kufunguliwa na kufungwa, na fyuzi yetu, kwa uvivu wa fundi nyumbani kwake, ilikuwa kipande cha waya kisichokata umeme. Mmoja wao akasema tunawaona wajinga, akausukuma mlango kwa nondo. Umeme ukamkamata. Alirushwa nyuma akaanguka majini, miguu inapigapiga, macho meupe, na meno yameuma ulimi hadi damu. Hakufa. Wenzake walimburuta nje kwa kola, wakitukana mashetani ya nyumba yetu.

Mwenye bunduki alibaki nyuma. Akamwambia Ramadhani aweke mkono wa kulia juu ya meza. Nikamshika miguu, nikamlilia, nikamtajia mama yake kwa jina. Akanipiga teke la tumbo. Halafu akauponda mkono ule kwa kitako cha bunduki, akaupiga tena na tena, nikasikia mifupa inavyosagika. Ramadhani hakutoa sauti hata moja. Aliniambia baadaye alikuwa anaogopa sauti yake itamshtua mtoto alie.

Walipotokomea alikwenda kung'oa ile fyuzi kwa mkono wa kushoto. Pampu ikanyamaza, na stoo yote ilikuwa moshi. Nilifungua mlango nikijua nitakuta maiti mbili, maana maji yalikuwa yamejaa humo hadi kwenye kisigino. Konsolata alikuwa amechuchumaa juu ya magunia ya chumvi, miguu ameikunja chini yake, mtoto amembana kifuani. Yule mtoto alikuwa anakohoa. Alikuwa amekohoa muda wote ule, mfululizo, na hakuna aliyemsikia.

Jioni ile nilifagia samaki wa bahari sebuleni kwangu kwa ufagio. Sikuwahi kufikiri kazi hiyo itanikuta.

Konsolata bado yuko. Njia ya Gatumba ya kuvukia Kongo imejaa vizuizi, na kila anayerudi kutoka huko ana habari ya mtu aliyevutwa kutoka kwenye gari. Mpaka ipoe, hatoki. Ramadhani hawezi kuisuka upya pampu iliyoungua, vidole havikunjiki, na daktari aliyeutazama mkono alitikisa kichwa tu. Kwa mkono wa kushoto, na mimi nikimshikia, ameviunganisha vioo vilivyopona kuwa tangi dogo. Tutatia samaki wa ziwa, wavuvi wa Kajaga watatupa, hao hawataki chumvi. Mtu akiuliza mashine inafanya nini, jibu lipo. Chumvi iliyobaki ina kazi yake stoo.

Na ugomvi wetu wa nini kwanza umekwisha. Hatutaki taa, wala povu, wala kupoza maji. Kwanza pampu. Pamoja nayo shemeji atutafutie kipande kinene cha mpira wa kukanyagia, upana wa watu wawili kukaa, umeme usije ukawapata wale wa stoo, na betri nitaisumbukia mwenyewe, kwa sababu umeme unakatika kila mara na sitaki kimya ndani ya nyumba hii. Muuzaji atamsifia pampu za kisasa zisizosikika. Asimsikilize. Aseme ziwashwe zote palepale dukani, hata zile kuukuu zilizotupwa nyuma, na achukue ile itakayofanya watu wa duka la pili waje kuuliza kuna nini.

Kwa sasa natwanga. Huku majani ya muhogo wanayaita sombe, na mwanamke kutwanga sombe hamshangazi mtu. Nimetangaza nauza. Natwanga kuanzia asubuhi, nikichoka mama mkwe ananipokea, na Ramadhani, mwanamume wa Buyenzi, ameshika mchi kwa mkono wake mmoja mbele ya wageni bila kuona haya. Sombe likiisha tunatwanga kinu kitupu. Viganja vyangu vimechubuka, ndiyo maana mwandiko huu unauona haujanyooka. Mama mkwe aliniambia jana, "Zuhura, ile mashine yako, nimeikumbuka." Tulicheka, kisha akalia.

Nisalimie mama, umwambie tu kwamba Ramadhani aliteguka mkono kazini. Msalimie baba mdogo Athumani anayesomesha chuoni, atuombee dua bila kutaja kwa nini. Msalimie wifi Tatu muuza vitumbua, na bibi yetu mkunga aliyeniambia nyumba yangu haitakosa mtoto. Mwambie yupo mmoja, ila si wa kuonyesha. Shemeji mshukuru, na umhimize. Konsolata naye anakusalimu. Hakujui, lakini jina lako ameshalisikia sana.

Nina mengi, ila niishie hapa. Mtoto ameanza kukohoa, naenda kutwanga.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura