Ugonjwa wa Kalenga na Kurudi kwa Matildah

Kashikishi, Nchelenge
Tarehe 14 Juni 2025

Mpendwa mudogo wangu Pierrette,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Habari ya Liège, habari ya kazi yako ya maabara? Kile kifua chenye kilikusumbua wakati wa baridi kimepona? Sisi tuko wazima. Upepo wa ziwa ni mukali asubuhi, kwa hiyo ninauza samaki nimevaa koti lenye ulinitumia, na wanawake wa soko sasa wananiita Madame.

Unisamehe kukaa muda murefu bila kuandika. Sikutaka kukuandikia habari nusu. Leo ninaweza kukuambia yote.

Unajua namna kaka yetu Kalenga alianza kugonjwa. Mukono wa kushoto ulikuwa unatetemeka hata akikaa tu. Kisha muguu ukawa muzito, akawa anauburuta. Yeye fundi wa mitumbwi, mwenye alipigilia misumari huku anaimba, akashindwa kufunga vifungo vya shati. Na ana miaka thelathini na saba tu! Watu wakasema, "Hii ni ugonjwa ya bazee. Kijana hawezi kuipata hivi hivi. Kuna mutu."

Huyo mutu walimupata haraka: Matildah, bibi yake wa ndoa, juu yeye ni Muzambia wa Kilwa, kisiwa cha ziwa hili, na hapana wa kwetu ngambo. Tantine Chouchou, dada ya baba mwenye alitulea, ndiye alisimama kanisani na kusema Matildah amemuloga bwana wake. Kalenga alinyamaza. Kunyamaza huko kulimuumiza Matildah kuliko maneno ya tantine. Mwezi wa pili alichukua watoto wao wawili, akapanda mashua, akarudi kwao kisiwani.

Ndipo nilikupigia simu nikilia, na wewe ukasema nimupeleke hospitali. Tulipanda minibasi mpaka Mansa. Munganga wa hospitali alimuomba atembee, afungue na kufunga vidole, aandike jina lake mara tano. Mara ya kwanza jina lilikuwa kubwa, mara ya tano dogo kama nyayo za sisimizi. Akatuambia ni ugonjwa wa Parkinson, na kwamba unashika hata vijana. Nilimuuliza kama uchawi unaweza kuuleta. Hakunicheka. Alisema, "Mama, ugonjwa huu tunaujua. Tuna dawa ya kuutuliza. Ya kuumaliza hatujaipata bado."

Dawa haikufanya kazi mara moja. Karibu juma la tatu, nilikuwa ninageuza samaki juani, nikasikia nyundo nyuma ya nyumba. Nikafikiri ni fundi mwingine. Nilipochungulia, ni Kalenga, anapigilia ubao polepole, amekaza mudomo, machozi yanashuka. Nilirudi kwa samaki wangu.

Lakini nyumba yake ilikuwa tupu. Ndiyo sababu Jumapili moja, kisha ibada, niliita tantine na wazee wawili wa kanisa, nikaweka simu juu ya meza, nikafungua ile sauti yenye ulitutumia. Pierrette, ulieleza muzuri sana. Kwamba katika kila chembe ya mwili muko mbabula ndogo ndogo, kama haya majiko yetu ya makaa, zenye kuchoma chakula na kutoa nguvu. Zikichakaa, zinatoa moshi wa sumu, na mwili unapaswa kuziondoa na kuziyeyusha. Lakini kwa watu fulani wenye wanagonjwa wangali vijana, kazi ile ya kuondoa imeharibika tangu kuzaliwa. Mbabula mbovu zinabaki ndani, na chembe za ubongo zenye kuongoza mwendo zinakufa moja moja. Wazee waliitika kwa vichwa. Mbabula iliyotoboka, nani haijui?

Kisha ukasema kwamba mara nyingi kasoro hiyo inapaswa kutoka pande mbili, kwa baba na kwa mama, na kwamba baba na mama yetu walikuwa watoto wa kaka na dada. Nilimuona tantine anashika kiti.

"Ni miye nilisema baoane," alisema. "Nilisema ukoo usisambae."

Sauti yako ikaendelea. Ulisema hakuna mwenye kosa, hakuna mwenye alijua. Na juu Matildah alitoka ukoo wa mbali, bila shaka ni damu yake yenye inakinga watoto wao.

Tantine alisimama, akafunga kitambaa chake. Halafu akauliza, "Mashua ya Kilwa inaondoka saa ngapi?"

Unajua namna anaogopa maji tangu tulipovuka ziwa tukikimbia vita. Alivuka pamoja nami akiwa amefunika uso na kitambaa. Tulimukuta Matildah anaanika samaki juu ya muchanga, na hakusimama. Tantine akapiga magoti mbele yake, mutu muzima vile.

"Mwanangu, nilikuzushia. Wewe ndiye unakinga bajukuu bangu, na miye nilikufukuza."

Matildah alilia. "Mwe Lesa! Ee Mungu! Simameni, mama. Nyinyi nimewasamehe. Lakini Kalenga hakusema kitu. Aje yeye mwenyewe."

Tulirudi bila yeye. Kesho yake Kalenga alimeza dawa, akaenda peke yake. Alikaa siku mbili. Sijui walisema nini, na sikuuliza. Siku ya tatu niliwaona bandarini: Matildah na godoro kichwani, watoto mbele, na Kalenga nyuma anaburuta muguu na anacheka. Jumapili iliyofuata tantine alisimama tena kanisani, mahali pale pale, akafuta maneno yake.

Sitakudanganya. Siku zingine dawa inaisha nguvu mbele ya saa ya kumeza ingine, na anakauka kama ubao. Lakini anafanya kazi, na sasa Matildah ndiye anamushikia mbao. Yale mate yenye uliomba kwa ajili ya kupima ile kasoro ya ukoo, Kalenga amekubali kuyatoa. Alisema, "Ambia Pierrette, kama mate yangu yatasaidia, nitamujazia ndoo." Ulisema munatafuta dawa ya kusaidia mwili kuondoa zile mbabula mbovu, na kwamba njia ingali ndefu. Tafuteni, mudogo wangu. Sisi huku tunaomba.

Kalenga na watoto wanakusalimia, tantine pia. Lakini salamu za kwanza ni za Matildah. Alitaka jina lake litangulie majina ya wengine wote, na tantine mwenyewe alisema, "Andika hivyo." Basi: Matildah anakusalimia sana.

Mungu aongoze mikono yako kila siku unapoingia kazini.

Ni mimi yaya yako, dada mukubwa mwenye kukupenda,

Rosalie