Niliwapigia Makofi Askari Wetu, Rafiki Yangu Akiwa Nyuma Yangu

Mshauri mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na kabla ya shida nianze na shukrani, kwa sababu huku ugenini niliko kila wiki gazeti lako likitoka kwenye simu, watu wawili hukaa juu ya rundo la mbao wakati wa chai ya saa nne na kusikiliza maneno yako. Anayesikiliza ni mimi. Anayesoma ni mwenzangu wa kazi, tunamwita Msumari kwa kuwa ni mwembamba na hapindi, maana mimi shule niliishia darasa la tano na maandishi ya simu nayafuata kwa kidole mpaka chai inapoa. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, siku tatu za mapumziko, nikijificha chumba cha kufulia nguo, kwa hiyo naomba unisamehe herufi zilizolala na unisaidie kwa jambo ambalo mdomo wangu umelishindwa.

Sisi kazi yetu ni kufunga majukwaa ya mabomba, yale yanayozungushiwa jengo ili wapaka rangi na mafundi wa madirisha wapate pa kusimama. Hufanywa na watu wawili wawili. Wa chini anasimamisha bomba na kulisukuma juu, wa juu analipokea, na kuna sheria moja ambayo haiko kwenye karatasi yoyote ya kampuni, kwamba wa chini haachii mpaka asikie wa juu anasema "Nimeshika." Akiachia kabla, uzito wote unamwangukia mwenzake mkononi. Miaka minne Msumari amekuwa juu na mimi chini, na kila bomba huniambia "Nimeshika," kisha anaongeza lake la kuniudhi, "Nimeshika, ondoa hiyo mikono ya bwana harusi," na mimi namjibu kwamba harusi yangu ilikuwa na watu, yake ilikuwa na mbuzi tu, na hivyo ndivyo tunavyomaliza siku kwenye jua kali bila kuwakumbuka sana watoto.

Msumari si wa nchi yangu. Ni wa nchi jirani, ng'ambo ya mto wa mpakani, lakini lugha yetu ni moja na hata matusi hatuhitaji kufafanuliana. Mwaka wa kwanza nilikanyaga ubao ambao haukufungwa, ghorofa ya sita, na mtu aliyenidaka kwa mkanda wa kiunoni akaning'iniza mpaka wenzetu wakafika ni yeye. Bega lake la kulia liliteguka siku hiyo, mpaka leo mkono huo haupandi juu ya sikio, na msimamizi hajui, kwa sababu akijua atamrudisha kwao. Dada yake ni fundi cherehani, anaishi nyuma ya soko la mji wao, ndiye aliyemlea. Yeye hajawahi kuniona, lakini aliposikia kwamba kaka yake ana mwenzake kazini, alishona kinga za magoti jozi mbili kwa vitambaa vya suruali kuukuu, moja ya kaka yake na moja yangu. Nimezivaa ninapoandika, maana hii sakafu ni baridi.

Sasa nchi yangu. Mshauri, mimi naipenda nchi yangu na sina haja ya kufundishwa. Nilipokuwa na miaka minane mto ule ule ulifurika ukatuchukulia nyumba, tukakaa juu ya paa la shule, mimi na mama na kaka yangu mkubwa, na waliotufuata ni askari. Mmoja alinibeba mgongoni, maji yakimfika kifuani, akanipa kofia yake akasema, "Shika hii, ikilowa nitafungwa, kwa hiyo wewe ndiye mkubwa wangu leo." Niliishika juu mpaka tukafika pakavu. Kaka yangu aliona yale akaapa kuwa askari, na akawa, leo ni dereva wa malori ya jeshi. Zahanati ya serikali ilimtibu mama mapafu miezi mitano, na hizi herufi ninazokuandikia nilifundishwa na mwalimu wa serikali. Kwa hiyo kofia yangu ya kazi ina kibandiko cha bendera, na kila mwaka siku ya taifa, watu wa kwetu tukikusanyika kwenye bwalo la kambi ya wafanyakazi, anayeongoza wimbo ni mimi, kwa sababu sauti yangu imekomazwa na kuita watu walio ghorofani.

Miezi miwili iliyopita tulikuwa bwaloni, televisheni ikaonyesha askari wetu wanavuka daraja kuingia nchi jirani. Msemaji alisema wanakwenda kulinda amani. Mimi niliona malori, na lori la kwanza lilikuwa kama la kaka yangu, nikasimama kwenye benchi. Mshauri, nilishangilia kama mpira umeingia wavuni. Nilipiga makofi, nikapiga mluzi kwa vidole viwili, nikagonga sahani na kijiko nikisema, "Hao! Hao wetu hao!" na wenzangu wakadakia. Kisha picha ikabadilika, wakaonyesha mji, soko paa limelala chini, na moshi. Nikasikia jina la mji, mji wa kwao Msumari. Nikageuka. Msumari alikuwa amesimama nyuma yangu na vikombe viwili, kimoja changu, kwa sababu siku ile ilikuwa zamu yake ya kuchota chai. Alikiweka mbele yangu taratibu akasema, "Chai yako hiyo, ndugu yangu. Imejaa, usimwage." Akatoka.

Kesho yake alipanda juu kama kawaida. Nilisukuma bomba, akasema, "Nimeshika." Basi. Hakuongeza kitu. Na tangu siku hiyo anasema hilo moja tu, na bado ananisomea ukurasa wako, na bado ananiwekea chai, na mimi ningependa anipige ngumi yaishe.

Tangu hapo nafikiria mpaka kichwa kinauma. Redio ya nyumbani inasema ng'ambo kuna maadui, lakini mtu wa ng'ambo ninayemjua mimi ni yule aliyeninyakua kwenye kifo kwa mkono mmoja. Nimempigia simu kaka yangu, akasema, "Sisi tunaendesha tu, mdogo wangu, usiulize," na kaka yangu hajawahi kuniambia nisiulize. Sasa sijui kama bado naipenda nchi yangu au naipenda kofia ya yule askari wa mafuriko. Wiki iliyopita nikiwaza hayo niliachia bomba kabla ya kusikia sauti, likamwangukia Msumari kwenye bega lile lile bovu. Alilishika. Sijui alilishikaje. Kisha akasema kutoka juu, "Hukungoja nijibu."

Na siku ya taifa ni wiki mbili zijazo. Mwenyekiti wa umoja wetu, ambaye ni mpishi wa kambi, ameniambia safari hii tukimaliza wimbo wa taifa nitaongoza na ule mpya, wa kuwasifu waliovuka daraja. Nilipositasita aliniambia mbele ya foleni nzima, mwiko mkononi, "Nchi ni mama yako. Kama humtaki, sema tukutafutie mwingine," watu wakacheka, na mimi nikacheka, ndiyo, nikacheka. Nimefikiria kusema koo linauma. Nimefikiria kubandua bendera kwenye kofia. Nikikataa, wenzangu wataniita msaliti na habari itafika kwa kaka kabla ya simu yangu. Nikiimba, Msumari anaishi chumba kinachopakana na bwalo, ukuta ni bati, atasikia sauti yangu kuliko zote.

Niambie, mshauri, mtu anayeidai nchi yake majibu anakosa shukrani? Na Msumari nimwambie nini? Najua yeye ndiye atakayenisomea jibu lako. Labda ndiyo maana naandika.

Ni mimi, mfunga majukwaa, niliye mbali na kwetu.

*

JIBU LA MSHAURI

Fundi, ahsante kwa siku zako tatu za mapumziko. Mhariri amekunyooshea herufi chache tu, maneno yote ni yako, na mwalimu wako wa darasa la tano angefurahi.

Nianze na la nchi kwa sababu ndilo jepesi. Ndiyo, jepesi. Yule askari alikubeba, na shukrani yako kwake ni halali, usimruhusu mtu akunyang'anye, wala mimi, wala Msumari, wala moshi wa televisheni. Lakini hakukubeba ili siku moja uwapigie makofi watu wanaoangusha paa la soko. Alichokufundisha mgongoni pale ni kwamba jeshi la nchi yako linaweza kuingia kwenye maji kumtoa mtoto. Wewe unajua linavyokuwa likifanya kazi nzuri. Nani basi ana haki kubwa kuliko wewe ya kusema kwamba hii ya sasa si nzuri? Asiyeuliza ni yule ambaye hakuwahi kutarajia mema.

Mwenyekiti wako amesema nchi ni mama. Sawa, tumchukue kwa neno lake. Mama yako akitoka akaingia nyumba ya jirani na fimbo, wewe utapanda kwenye benchi ugonge sahani? Utamshika mkono, utamwambia, "Mama, rudi nyumbani," na jioni utakula kwake kama kawaida kwa sababu bado ni mama. Huo ndio upendo wenyewe, na una kazi ngumu kuliko mluzi wa vidole viwili. Mweleze hivyo mpishi, na umweleze akiwa ameshika mwiko vile vile.

Kuhusu siku yenyewe, usiniletee habari za koo kuuma. Umri huo, unasingizia koo! Nenda kwa mwenyekiti wiki hii, mbele ya foleni ile ile uliyochekea, umwambie utaongoza wimbo wa taifa kwa sauti yako yote kwa sababu ni wako, na ule mpya huuimbi, atafute mwingine. Wataguna. Wawili watatu watakuita jina baya, na wengine watakufuata chooni kukunong'oneza kwamba walikuwa wanawaza hivyo hivyo. Bendera ibaki kwenye kofia. Ukiibandua, utakuwa umewaachia wapiga mluzi peke yao. Na kaka yako mpigie wewe kabla hajasikia kwa watu. Usimhubirie. Mwambie unataka arudi mzima, na kwamba siku akitaka kusema anayoyaona huko, sikio lako lipo. Anayesema "usiulize" kwa sauti ile ana mengi ya kusema.

Sasa nikukaripie. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikitafuta jambo moja, na sikulipata. Umenieleza mto, kofia, lori, mwiko, umenieleza mpaka sakafu ya chumba cha kufulia ilivyo baridi. Umevaa magotini kinga zilizoshonwa na mwanamke anayeishi nyuma ya soko ambalo paa lake liko chini. Miezi miwili imepita. Yuko hai? Hujui! Hujui kwa sababu hujauliza. Umejitafutia swali kubwa la nchi na mataifa ili ulikimbie swali dogo ambalo mwenzako analingoja kila unapomsukumia bomba. Kimya chake ulidhani ni hasira ya makofi. Huenda ni hivyo. Lakini mtu mwenye hasira tu hawezi kukushikia bomba kwa bega bovu na kukuchotea chai miezi miwili. Huyo anangoja.

Na hapa mwisho umetaka kunifanyia ujanja, ukaniletea barua ili yeye mwenyewe ajisomee msamaha wako kwa mdomo wake, nawe umekaa kando unapuliza kikombe. Sikubali. Simwombi mtu msamaha kwa niaba yako.

Msumari, najua ni wewe unayesoma. Pole sana kwa yaliyowapata kwenu. Ahsante kwa kumsomea miaka yote hii mtu ambaye angeweza kusoma mwenyewe kama usingempenda mno. Lakini simama hapa. Mpe simu, ufunge mdomo, unywe chai yako. Yaliyobaki nimeyaandika kwa maneno mafupi makusudi. Atayasoma yeye, kwa sauti, kwa kidole, na msimamizi akipiga filimbi, aipige.

Fundi, soma:

Ndugu yangu.

Nilipiga makofi. Nilikosa.

Dada yako yuko wapi?

Umempata?

Niambie yote. Siachii mpaka nisikie sauti yako.