Magome ya Bibi na Samli

Bibi,

Shikamoo. Najua barua hii huisomi, na hata ulipokuwa hai mimi ndiye niliyekusomea za kwako. Lakini leo nisipokueleza wewe kwanza nitapasuka. Dawa yako inafanya kazi!

Tangu tukuzike Issenye nimepata kazi kwenye maabara moja Mwanza. Tunatafuta dawa ya malale, na vimelea vyake ni ndugu wa vile vilivyoletwa na mbung'o vikamaliza ng'ombe wetu upande wa Ikoma. Tunaviweka kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, tunatia dawa, halafu rangi ya bluu. Vikiwa hai, rangi inageuka pinki. Vikifa, inabaki bluu. Siku hizi hata kompyuta inachambua maumbo ya molekuli na kukisia ipi itanasa kimelea, kabla hatujashika chupa. Wewe ungeuliza tu hiyo kompyuta imechunga ng'ombe wapi.

Basi nikapeleka magome ya mti wako, yale uliyotibia ng'ombe. Mara ya kwanza, pinki tupu. Ya pili, pinki. Mkuu wangu akasema Ijumaa yanatolewa kwenye orodha.

Sasa kosa langu. Kwenye fomu, palipoulizwa dawa inaandaliwaje, niliandika "huchemshwa kwa maji". Uongo, Bibi. Wewe uliyatwanga, ukayaloweka kwenye samli siku tatu, ukamnywesha ng'ombe kwa chupa ya soda. Niliona aibu. Niliogopa wenzangu watacheka kwamba nimeleta mambo ya jikoni. Na nilikumbuka vizuri ulivyonifokea nikisogea na kata ya maji: "Wewe Bhoke, peleka maji huko! Hii kitu inasikia mafuta tu."

Alhamisi nilimweleza mkuu yote. Hakucheka. Alisema, "Kumbe dawa iko kwenye mafuta, na sisi tunapima maji?" Tukayakamua upya kwa kimiminika kinachovuta vitu vya mafuta. Jumatatu iliyofuata nikatoa sahani: bluu! Kishimo hadi kishimo, bluu! Nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio.

Bado kazi ni kubwa. Tunaitafuta molekuli moja inayoua, halafu tuone kama haidhuru seli za binadamu. Inaweza kugoma hapo. Lakini dawa yako imebaki kwenye orodha, na kidogo tu niifute kwa aibu yangu mwenyewe. Hilo linaniuma hata nikiwa na furaha hivi.

Nakuahidi nitakuja nyumbani kukaa na shangazi zangu kabla matokeo hayajaenda kokote, na wao ndio watakaosema kama jina la mti litajwe mbele ya watu. Mahali pa mgunduzi nimeshaandika jina lako, lote, pamoja na la baba yako.

Pumzika, Bibi. Sikufichi tena.

Mjukuu wako,
Bhoke